Safari ya raga kutoka Migori hadi Jinja

MZEE yule hakuinua macho kutoka kwa wavu aliokuwa akiushona. Tulikuwa tumesimama mbele yake ufuoni Muhuru Bay, mwalimu wa raga na mimi, viatu vimejaa mchanga na fomu ya ruhusa i mkononi. Alitusikiliza kimya mpaka tukamaliza maneno yote tuliyokuwa tumeyapanga njiani. Kisha akakata uzi kwa meno, akasema: "Mwalimu, mimi nikienda upande wa Uganda hurudi bila nyavu. Sasa mnataka niwape na mtoto?"

Huenda ukashangaa, msomaji mpendwa, ni vipi fomu ya mchezo wa shule ilitufikisha kwenye maneno kama hayo. Anayeijua pembe hii ya Kaunti ya Migori hatashangaa. Ukipanda boti ya mashine kutoka Muhuru utafika Migingo, kisiwa cha mawe ambacho hakijai hata nusu ya uwanja wa kandanda, nacho kimefunikwa kwa mabati kutoka ukingo hadi ukingo. Kuanzia miaka ya 2008 na 2009 jina lake limekuwa likivuma magazetini kwa sababu ya mvutano wa Kenya na Uganda. Ramani zinakiweka Kenya, lakini mpaka unapita majini kiasi cha nusu kilomita tu magharibi yake, na mbuta hajui kusoma ramani. Mvuvi humfuata anakokwenda. Mzee wetu alimfuata siku moja, akarudi nyumbani kwa kupiga kasia. Mashine na nyavu zilibaki kwa watu wenye bunduki.

Mwanawe ndiye aliyekuwa namba 4 wetu, kijana mrefu kama mlingoti, asiyesema sana. Bila yeye timu ilikuwa nusu.

Mimi si mwalimu wala mwanaraga. Ni mzazi tu. Mwanangu alicheza namba 9, na kwa kuwa nilipiga domo kupita kiasi katika mkutano wa wazazi, wenzangu waliniadhibu kwa kunichagua niwe msindikizaji wa safari. Kazi yangu ilikuwa moja: kuhesabu vichwa. Walikuwa 24.

"Jaduong'," mwalimu akaanza tena kwa unyenyekevu, "ni siku nne tu."

Aliyetuokoa ni mama wa kijana, aliyekuwa akianika omena hatua chache kutoka pale. Hakuacha kazi yake. Alisema tu, kwa Kijaluo, kwamba nyavu zilichukuliwa bila mtu kuomba ruhusa, na hawa wamekuja wanaomba. Mzee akacheka puani. Akaitia fomu sahihi juu ya goti lake. Kisha akamwita mwanawe kando, wakanong'onezana kwa muda nyuma ya boti iliyopinduliwa. Sikusikia walichosema, na sikujali. Laiti ningejali, ningejiepusha na jambo lililonipata baadaye.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 2023.

Raga si mchezo wa asili huku kwetu. Mtoto wa Migori huzaliwa akipiga mpira wa matambara kwa mguu. Wakati wa ukoloni raga ilikuwa ya shule za Wazungu, kama Prince of Wales na Duke of York kule Nairobi, ambazo leo ni Nairobi School na Lenana. Ilichukua miaka mingi kushuka hadi kando ya ziwa. Lakini ilipofika ilikuta miili iliyokwisha kutengenezwa. Kijana aliyevuta wavu usiku kucha, au aliyekata miwa kwa vibarua kule Awendo, au aliyemsaidia mjomba kupandisha mawe ya dhahabu kutoka shimoni Nyatike, hahitaji kufundishwa kusukuma. Anahitaji kufundishwa sheria tu, na hizo ndizo ngumu. Mwalimu wetu alipenda kuwakumbusha vijana kuhusu marehemu Benjamin Ayimba, aliyesoma Maseno, ng'ambo ile ya ghuba, na ambaye mnamo Aprili 2016 aliiongoza Kenya kama kocha kutwaa kombe la Singapore katika raga ya wachezaji saba kila upande, kwa kuilaza Fiji 30-7. Maseno si mbali, alikuwa akisema. Jinja nayo si mbali.

Tuliondoka mjini Migori saa kumi alfajiri, Ijumaa, ndani ya basi la shule lenye viti vilivyotengenezwa kwa watoto wa kidato cha kwanza. Magoti ya mstari wa mbele wa skramu yalifika kidevuni. Awendo tulipita gizani, tukijua tumefika kwa harufu tamu ya kiwanda cha sukari. Rongo tukaiacha barabara kuu ya Kisii, tukakata kushoto kuelekea Homa Bay.

Jina la Homa Bay humchekesha kila Mswahili anayelisikia mara ya kwanza. Huuliza ni homa gani, ya malaria au ya mafua. Halihusiani na ugonjwa. Ni jina la mlima ulio upande wa pili wa ghuba. Mlima unaokupokea mjini ni mwingine, Got Asego, uliochongoka kama pia iliyopinduliwa, na asubuhi ile jua lilikuwa linauchungulia kwa nyuma. Tulikunywa chai na mandazi karibu na kituo cha mabasi, nikahesabu vichwa, 24, tukaendelea na barabara ya Mbita. Kusini yetu lilikuwa Bonde la Lambwe na Mbuga ya Ruma, makao ya korongo, swala mkubwa ambaye huwezi kumkuta mwituni kwingine kokote nchini Kenya. Hatukumwona. Vijana walikuwa wamelala midomo wazi.

Ningeweza kukueleza kwa nini hatukuzunguka kwa Kendu Bay, Ahero na Kisumu, kama watu wengi wafanyavyo wakienda Busia. Ukweli ni kwamba mwalimu wa jiografia alisema feri ni njia ya mkato, naye mwalimu wa raga alitaka vijana waione. Kutoka Mbita feri huvuka mlango wa Ghuba ya Winam hadi Luanda Kotieno. Nyuma yako kimelala kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Mbele yako ni milima ya Siaya. Basi letu lilipanda kwa kurudi nyuma, kati ya lori la magunia na pikipiki zisizohesabika.

Namba 2 wetu alikuwa Mkuria kutoka upande wa Isebania, kijana mwenye shingo ya fahali ambaye sijawahi kumwona akimwogopa mtu. Feri ilipoanza kutikisika alikumbatia nguzo kwa mikono miwili, akafumba macho. Hakuwa amewahi kukanyaga chombo cha majini maishani mwake. Namba 4 alimsogelea, akasimama naye bila kumcheka, akimwonyesha jinsi ya kulegeza magoti mawimbi yakija. Hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi niliyomsikia akiyafanya hadi siku hiyo.

Kutoka Luanda Kotieno tulipita Bondo, Siaya, Ugunja na Bumala. Saa nane mchana tulikuwa Busia, tumejipanga kwenye foleni. Tangu 2014 Mkenya mtu mzima anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa, lakini vijana wetu wengi hawakuwa na vitambulisho, hivyo nilikuwa nimebeba bahasha ya vyeti vya kuzaliwa na barua za wazazi kama aliyebeba mayai. Afisa alisoma kila cheti. Alipofika kwa namba 4 akamtazama juu hadi chini na kuuliza kama huyo naye ni mtoto wa shule. Tukacheka sote isipokuwa mwenyewe. Alikuwa ameikodolea macho bunduki ya askari aliyesimama mlangoni. Basi ndilo lililotuchelewesha zaidi kuliko watu, kwani gari la Kenya huhitaji bima inayotambulika ng'ambo na karatasi zake, na dereva alikuwa ameziweka chini ya kiti, chini ya jezi, chini ya sufuria.

Usiku ulikuwa umeingia tulipofika Jinja. Wenyeji wetu, shule ya wavulana ambayo sitaitaja kwa kuwa sikuwaomba ruhusa, walitungoja na mwalimu wao mmoja akatangaza kwa Kiswahili safi kwamba posho iko tayari. Vijana wakatazamana kwa furaha. Kwetu darasani tumefunzwa kuwa posho ni pesa za matumizi. Kumbe Uganda posho ni ugali, nao ulikuja na maharagwe, mwingi hata ukabaki. Tuliulizwa pia, kwa heshima kubwa na tabasamu la chinichini, habari za timu yetu ya taifa. Mwezi Mei mwaka huo Kenya ilikuwa imefungwa na Kanada jijini London na kuteremshwa daraja katika raga ya saba kila upande, ilhali Uganda ilikuwa na kombe la Afrika la 2022. Mwalimu wetu alijibu kwamba ugali ni mzuri sana.

Mechi ilikuwa Jumamosi saa tisa.

Hapa nikuombe subira, msomaji, kwa sababu kisa chote kimo katika jambo dogo la sheria. Katika raga, mpira ukitoka nje pembeni, timu hujipanga mistari miwili. Namba 2 huurusha katikati, na warefu huinuliwa juu na wenzao ili waudake. Siri ni kujua utarushwa wapi: mbele, katikati au nyuma. Kwa hiyo kila timu ina maneno yake ya kuitana. Yetu yalikuwa ya Kijaluo. Mach, yaani moto, maana yake mbele. Pi, yaani maji, katikati. Rech, samaki, nyuma. Hata namba 2 wetu Mkuria alikuwa ameyazoea. Dhidi ya shule za Kisii maneno hayo yalikuwa yametupatia ushindi mara kadhaa, na tuliona kwamba huko Busoga, ambako watu husalimiana "kodheyo", yangekuwa fumbo kabisa.

Mara ya kwanza tukaita pi. Namba 4 wao, mrefu kuliko wetu kwa kidole kimoja, akainuliwa kama aliyetumwa, akaunyakua. Tukasema ni bahati. Mara ya pili tukaita mach. Akasogea mbele, akaunyakua. Mara ya tatu rech, na kabla namba 2 hajaachilia mpira tayari jamaa yuko nyuma anaungoja huko angani. Wenyeji walikuwa mbele 19-5 na kila trai yao ilizaliwa na mpira wetu wenyewe. Kando ya uwanja mwalimu alininong'oneza kwamba kuna mtu ameuza siri. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kuwatazama wachezaji wetu wa akiba mmoja mmoja.

Nilikuwa nikimtazama mwengine, nikakosa kumtazama niliyepaswa. Mara ya nne tulipoita, namba 4 wetu hakuruka. Alingoja mwenzake ainuliwe, kisha akamvaa angali hewani.

Yule kijana alianguka kwa bega. Uwanja wote ukanyamaza, hata watoto waliokuwa wamekwea miti. Refa alipuliza filimbi, akatoa kadi ya manjano, dakika 10 nje, na mimi nasema alikuwa na huruma. Namba 4 wetu akaja akaketi karibu nami, kifua kikipanda na kushuka. Nilimwuliza kwa ukali kwa nini amefanya vile. Alijibu bila kugeuka: "Anachukua tu. Kila nikienda anachukua."

Wakati wa mapumziko mwalimu wa wenyeji alikuja kwetu. Nilidhani amekuja kulalamika. Alikuwa akijizuia kucheka. "Mwalimu," akasema, "badilisheni lugha. Huyo wetu ni Mjopadhola wa Tororo. Kwao pia moto ni mach, maji ni pi, na samaki ni rech."

Tulisimama kama tuliomwagiwa maji. Wanahistoria wameandika kwamba Wajopadhola na Wajaluo ni ndugu waliotoka kaskazini pamoja, wakaachana njiani karne kadhaa zilizopita. Sote tulikuwa tumesoma hayo shuleni. Hakuna aliyekuwa amefikiri yangetugharimu trai tatu.

Basi ukaona ajabu: Wajaluo saba, warefu kwa vifupi, wameinamiana kama kuku kwenye mtama, na Mkuria mmoja aliyeogopa feri anawafundisha maneno matatu ya Kikuria kwa dakika tano, akiwakaripia wanaotamka vibaya. Kipindi cha pili tulidaka mipira yetu yote isipokuwa mmoja, ambao mwitaji aliita "mach" kwa mazoea. Namba 4 alirudi, akacheza kwa adabu. Tulipata trai mbili na mkwaju mmoja, wao penalti. Kipenga cha mwisho kikalia wenyeji wakiongoza 22-17.

Raga ina desturi moja nzuri: waliopigana huketi kula pamoja. Pale Jinja waliitekeleza kwa nambari, kila mtu na mwenzake wa jezi. Namba 4 wao alikuja bega limefungwa kitambaa, sahani mbili mkononi, moja ya matoke akampa wetu. Wetu aliipokea lakini hakula. Niliketi karibu kiasi cha kusikia, maana sikumwamini bado.

Walianza kwa Kiingereza, kisha wakaanza kupimana maneno. Ot? Ot, nyumba. Guok? Karibu sawa. Yule wa Tororo akamwuliza baba yake hufanya kazi gani. Akamwambia mvuvi. Yule akasema hata mjomba wake alikuwa mvuvi, kule Majanji, upande wa Busia ya Uganda. Alikuwa, akarudia. Katika ule msako ulioendeshwa ziwani na wanajeshi wa Uganda kuanzia 2017 boti yake ilichomwa, ikasemekana ni fupi kuliko sheria inavyotaka. Sasa anaendesha bodaboda. Kijana wetu akamtazama kwa muda, kisha akavuta sahani na kuanza kula. Baadaye, nilipowapita, alikuwa akigusa lile bega kwa kidole na mwenzake akijifanya anakufa.

Jumapili wenyeji walitupeleka kuona chanzo cha Mto Nile. Mwalimu wa jiografia alikuwa amewaeleza vijana kwamba Mto Migori wanaouvuka kila siku huungana na Kuja kule Nyatike, huingia ziwani, na kwamba njia ya kutoka ziwani ni moja tu, hapa. Vijana waliyatazama maji kwa makini, kama watu wanaotafuta ndoo iliyowaponyoka wakichota. Maporomoko ya Ripon yaliyokuwa hapo yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika 1954. Leo mto unatoka kimya, kwa nguvu, na ukitupa kijiti kinakwenda.

Kutoka hapo tukaenda soko kuu la mjini wanunue zawadi. Nusu saa, nikawaambia. Walipopanda basi nilihesabu, wakawa 23. Nikahesabu tena. Nikawashusha, nikawapandisha mmoja mmoja. 23. Aliyekosekana alikuwa wa Muhuru.

Sijui kama umewahi kupoteza mtoto wa mtu katika nchi ngeni. Masikio huziba. Nilimwona mamake akianika omena, nikaisikia ile sauti ikisema hawa wamekuja wanaomba. Hakuwa na simu. Tulitawanyika, tukapanda ngazi na kushuka, mwalimu akienda kwenye nguo, mimi kwenye vyombo, mwanangu kwenye matunda. Dakika arobaini. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuulizia kituo cha polisi, nikifikiria nitakavyoeleza, namba 2 alipokuja mbio akinivuta mkono.

Alikuwa kwenye samaki. Alisimama mbele ya meza ya mama mmoja mnene, pamoja na yule namba 4 wa Tororo aliyekuwa akimfasiria Kisoga. Mkononi alikuwa na kalamu na nyuma ya karatasi ya ratiba yetu alikuwa ameandika safu mbili za nambari. Nilimfokea mbele za watu hata yule mama akanisihi nimhurumie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Samahani, mzazi. Baba aliniambia nisirudi bila bei ya mbuta."

Jumatatu tulirejea kwa njia ileile. Kwenye feri namba 2 alisimama katikati bila kushika nguzo, magoti yamelegea, akiwaonyesha wengine.

Nilikuwa nimeahidi kumfikisha kijana huyu mpaka kwao, kwa hiyo kesho yake nilikwenda naye Muhuru. Mzee alikuwa pale pale, na wavu ule ule, au mwingine unaofanana nao. Mwanawe alimsalimu, akaketi mchangani, akamsimulia: feri, kadi ya manjano, yule wa Tororo anayesema mach, mjomba wa Majanji na boti iliyochomwa. Hapo kwenye boti mzee alisimamisha sindano. "Watu wao wenyewe?" akauliza. "Ndiyo, baba." Akatikisa kichwa, akaendelea kushona.

Kisha akanyosha mkono bila kusema neno. Kijana akampa ile karatasi. Mzee aliisoma polepole, akageuza shilingi za Uganda kuwa za Kenya kwa kijiti mchangani, akafuta, akaanza upya.

"Hii ni bei ya kilo," akauliza, "au ya samaki mzima?"

Kijana alinitazama, kisha akatazama ziwa. "Samaki mzima."

"Mkubwa kiasi gani?"

Akanyosha mikono, akaipunguza kidogo, akaipanua tena.

"Basi hukuuliza," mzee akasema, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati.